Mwanangu wa miaka 11 anachati usiku na "rafiki" wa kwenye gemu, niweke programu ya kumpeleleza?

"Habari mtaalamu. Nina watoto wawili, wa kiume miaka 11 na wa kike miaka 7. Tumeweka wifi nyumbani na wanatumia simu yangu ya zamani. Juzi nimeamka saa saba usiku nikamkuta mkubwa yuko macho, kajifunika shuka anachati na mtu wa kwenye gemu. Kuniona tu akafuta kila kitu. Nilichowahi kusoma ni huyo mtu anamuomba namba ya WhatsApp na picha 'nikuone ulivyo'. Mwanangu anasema ni rafiki yake wa miaka 12, hawajawahi kuonana. Baba yake anataka kuivunja hiyo simu. Mimi nimeona tangazo la programu inayosoma meseji zote za mtoto bila yeye kujua, niiweke? Au nikate wifi kabisa tupumzike? Na kwenye grupu la wazazi wametuma sauti kwamba kuna gemu linawaamrisha watoto wajidhuru, isije ikawa ndo hilo. Sijalala siku mbili."

Dada pole sana, mzazi yeyote angeshtuka kwa uliyoyaona. Umeuliza kuhusu programu, wifi na ile sauti ya kwenye grupu, lakini nikisoma vizuri naona swali lenyewe ni moja tu, huyo mtu ni nani na ameshafika wapi na mwanangu. Ntaanzia hapo. Setingi za simu zitafuata, zina umuhimu wake ila sio za kukimbilia usiku huu.

Ile sauti kwanza tuiweke pembeni. Mwaka 2019 wazazi nchi nyingi walihangaishwa na kitu kilichoitwa Momo, sura ya kutisha yenye macho makubwa, ikasemekana inajitokeza katikati ya video za watoto na kuwaamrisha wajidhuru. Ile sura ilikuwa sanamu ya maonyesho iliyotengenezwa Japani, na mashirika ya hisani ya Uingereza yaliyoulizwa kuhusu hilo yalisema hayana ushahidi wa mtoto aliyejidhuru kwa sababu yake. Walioogopa kweli kweli walikuwa watoto walioonyeshwa ile picha na watu wazima waliokuwa "wanawatahadharisha". Tangu hapo hadithi ya aina hiyo inarudi kila baada ya muda na jina jipya. Ubaya wake ni kwamba unabaki unatafuta jini ndani ya simu, wakati wa kuogopa ni mtu mcheshi, mpole, anayejua gemu kuliko wote na mwenye muda mwingi wa kumsikiliza mwanao.

Sasa tuje kwa huyo mtu. Inawezekana kabisa ni mtoto wa miaka 12 kweli, watoto wanaombana namba kila siku na wala hakuna baya. Lakini mimi na wewe hatuwezi kujua, na mwanao ndo kabisa hawezi, kwa sababu jina ni la kujichagulia, picha inaokotwa popote, na siku hizi hata sauti inabadilishwa na programu ikatoka ya kitoto. Kwa hiyo achana na kujiuliza ni nani, angalia anafanya nini, manake wanaowinda watoto mtandaoni wana njia inayofanana sana na ukishaijua utaiona hata kwenye meseji tano.

Anaanza kwa kusifia. "Wewe unacheza vizuri kuliko hawa wote, njoo timu yangu." Alafu anatoa zawadi ya mle mle ndani ya gemu, nguo za mhusika au silaha ambayo mtoto ameililia miezi, na hapo mtoto anajiona ana deni. Kisha yanaanza maswali ambayo mtoto anayachukulia ni stori tu: simu ni yako au ya mama? Unalala peke yako? Paswedi mama anaijua? Saivi uko na nani hapo? Mwenzake anapima ulinzi, anataka kujua kama kuna mtu mzima anayetazama. Akiona hakuna anasema "twende WhatsApp huku panasumbua", na hii hatua uiangalie sana, kwa sababu chati za magemu mengi zina vichujio vya maneno, namba za simu zinafichwa, na mtu akiripotiwa kuna watu wa kufuatilia. Wakishahamia chati ya pembeni hakuna anayechuja kitu na meseji zinaweza kuwekwa zijifute zenyewe. Baada ya hapo inakuja siri: "usimwambie mama, atakunyang'anya simu." Hilo ndo linalonikera kuliko yote, kwa sababu mara nyingi ni kweli, mama kweli atanyang'anya simu, na mtoto anaona huyu mtu anaijua nyumba yetu kuliko mwalimu wangu.

Picha inakuja mwisho na inaanza ya kawaida, sura tu. Inayofuata sio ya kawaida. Akishaipata lugha inageuka, nitumie nyingine la sivyo hii naisambaza kwa marafiki zako wote, au nitumie hela. Wazazi wengi wanadhani haya ni ya watoto wa kike tu, lakini FBI, polisi wa upelelezi wa Marekani, imekuwa ikionya kwamba kwenye vitisho vya kudai hela wanaolengwa zaidi ni wavulana, hasa wa miaka 14 hadi 17. Na kutoka picha hadi kitisho kunaweza kuchukua masaa tu.

Kwa ulichosimulia, mwanao ameshafikia hatua ya kuombwa namba na picha. Hatujui kama alitoa. Na kufuta kwake meseji usikuchukulie kama ushahidi wa hatia, mtoto wa miaka 11 aliyefumwa macho saa saba usiku anafuta hata kama alikuwa anaongelea mpira.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuongea naye, na namna utakavyoongea ina uzito kuliko programu yoyote utakayoweka. Usimkalishe kwenye kiti mkatazamana kama mahakamani. Subiri mkiwa wawili, mnaanika nguo au mnatembea, watoto wa umri huo wanafunguka wakiwa hawatazamwi usoni. Unaweza kusema hivi, kwa maneno yako: "Juzi nilikuona unachati usiku nikaogopa. Sijakukasirikia, na simu sikuvunjii. Nataka kujua yule rafiki alikuomba nini, na kama kuna kitu ulishamtumia niambie tu, chochote kile, tutakimaliza mimi na wewe." Alafu nyamaza. Kunyamaza ni kugumu jamani, lakini usijaze ukimya kwa mawaidha. Na neno "kwa nini" liache kwanza, kwa nini ulimpa namba, kwa nini hukuniambia, hayo mtoto anayasikia kama hukumu. Akisema hakutuma kitu, kubali, usimwapishe, mwambie ukikumbuka jambo lolote hata mwezi ujao njoo. Wengi wanatoa nusu leo na nusu nyingine baada ya kuona ile ya kwanza haikuwaletea kipigo.

Mkishaongea ingieni wote kwenye gemu. Kabla ya kumblok huyo mtu piga skrinshoti ya profaili yake, chati kama imebaki, tarehe, na ile namba ya utambulisho wa mchezaji ambayo magemu mengi yanayo, kwa sababu jina la kwenye gemu anaweza kulibadilisha dakika yoyote lakini ile namba kwa kawaida haibadiliki. Kisha ripoti ndani ya gemu lenyewe, alafu ndo umblok. Tafadhali usijifanye wewe ni mtoto ukaendelea kuchati naye ili umnase. Najua unavyowaka ndani lakini akishtuka anafuta akaunti na kupotea na ushahidi wote. Na kitu kimoja muhimu mno, ukikuta kuna picha ya mtoto bila nguo usiipige skrinshoti wala usimtumie mtu yeyote hata baba yake, nchi nyingi kuinakili au kuisambaza ni kosa hata kwa mzazi mwenye nia njema. Acha simu ilivyo, usifute kitu, ntakwambia chini pa kuipeleka.

Haya, ile programu ya kusoma meseji kwa siri. Naielewa hamu yake, na sitakwambia kwamba haifanyi kazi, nyingine zinafanya. Ila angalia unachonunua. Nyingi ili ziingie kwenye Android zinakuomba uzime Play Protect, ulinzi wa Google unaokagua programu mbaya, na uziweke kutoka nje ya duka rasmi, yaani ili umlinde mtoto unaanza kwa kuibomoa simu yake. Alafu meseji na picha zake zote zinapelekwa kwenye kompyuta za kampuni usiyoijua, na kampuni za biashara hii zina historia mbaya ya kuvuja, mSpy peke yake ilivuja taarifa za wateja 2015, ikavuja tena 2018, na 2024 kwa mara nyingine. Na siku mtoto akigundua, na watoto wanagundua, atachukua simu ya rafiki yake au atafungua akaunti ya pili, na wewe utabaki unasoma kwa siri ile akaunti ya maonyesho. Kikubwa zaidi, lile neno la yule mtu kwamba mama hafai kuambiwa litakuwa limethibitishwa na mama mwenyewe. Kwa mtoto wa miaka 11 mimi napendelea usimamizi wa wazi: simu hii ni ya mama, paswedi mama anaijua, na mara moja moja tutaikagua pamoja ukiwa umekaa hapa. Kama kuna kitisho kinachoendelea na mtoto hasemi kabisa hapo mambo yanabadilika, lakini hata hapo ningekwenda kwa wataalamu kabla ya kwenda kwenye hizo programu.

Kukata wifi? Utapata amani ya wiki mbili. Atatumia bando, au wifi ya jirani, na shule zinazidi kutuma kazi kwa mtandao. Kuivunja simu ni vibaya zaidi, unavunja na ushahidi, na mtoto anajifunza somo moja tu, kwamba ukisema unaadhibiwa. Lakini simu kupumzika usiku hiyo naunga mkono kwa mikono miwili. Simu zote za nyumba, za wakubwa pia, zichajiwe sebuleni au chumbani kwenu kuanzia saa fulani. Ziwe zote kweli, manake ikiwa ya baba inabaki kitandani utapata mjadala kila usiku.

Sasa setingi. Kama simu ni Android, mtengenezee mtoto akaunti yake ya Google kwa umri wake wa kweli na uisimamie kwa Family Link, ni programu ya bure ya Google wenyewe. Itakufanya uidhinishe kila programu kabla haijaingia, uweke saa ya simu kujifunga usiku, na uone ametumia muda gani kwenye nini. Meseji zake haikuonyeshi, na mimi naona hiyo ndo mizani sahihi. Kama ni iPhone kazi hiyo inafanywa na kipengele cha muda wa skrini kwenye setingi, kwa Kiingereza Screen Time, kiwekee namba ya siri tofauti na ile ya kufungulia simu.

Cha pili ni kuchuja tovuti chafu, na hapa watu wanauziwa vitu vya bei wakati kuna njia ya bure. Kila simu inapofungua tovuti inaanza kwa kuuliza mahali fulani "hii anwani iko wapi", huduma hiyo inaitwa DNS, na ukiielekeza kwenye DNS inayokataa kujibu kuhusu tovuti za ngono na za virusi, tovuti hizo hazifunguki. Kwenye Android kuanzia toleo la 9 ingia setingi za mtandao, tafuta DNS ya faragha, kama simu yako iko kwa Kiingereza imeandikwa Private DNS, chagua kujaza jina mwenyewe na uandike family.cloudflare-dns.com. Inafanya kazi kwenye wifi na kwenye bando. Ukitaka ishike nyumba nzima ingia kwenye raota, kile kifaa kinachotoa wifi, sehemu ya DNS weka 1.1.1.3 na ya pili 1.0.0.3, lakini ya raota itamlinda akiwa kwenye wifi yenu tu, akiwasha bando keshatoka. Na ukiwa kwenye raota badilisha na paswedi ya adimini, nyingi bado zina ile iliyokuja nayo ambayo mtoto anaiona imebandikwa chini ya kifaa.

Na nikwambie ukweli, hayo yote ni wavu wa dirishani, yanazuia mbu, hayamzuii mgeni ambaye mtoto amemfungulia mlango mwenyewe. DNS inazuia tovuti. Haijui lolote kuhusu maneno yanayoandikwa ndani ya gemu. Pia mtoto mjanja akiweka VPN, programu inayopitisha mtandao wa simu njia nyingine, anaikwepa, ndo maana ile idhini ya Family Link kabla ya kuweka programu ina maana kubwa. Kwa hiyo fungua setingi za gemu lenyewe, zima chati au iache kwa marafiki tu, zima na maiki, alafu pitieni orodha ya hao marafiki mmoja mmoja, huyu nani, mnajuana wapi, asiyemjua ana kwa ana anatoka.

Kuna jambo la umri ambalo wazazi wengi tunalifanya kwa mkono wetu. Kwa nchi nyingi akaunti za kawaida za WhatsApp, TikTok na Instagram zinataka angalau miaka 13. Hiyo 13 usidhani kuna daktari aliyepima akili za watoto akaona hapo wameiva, imetokana na sheria ya Marekani ya 1998 inayozuia kampuni kukusanya taarifa za watoto chini ya miaka 13 bila idhini ya mzazi, kampuni zikaona rahisi kuwakataza. Kwa hiyo kutimiza 13 hakumaanishi sasa yuko salama. Lakini kumdanganyia umri ni kubaya kuliko watu wanavyofikiri. TikTok kwa mfano haimruhusu aliye chini ya miaka 16 kupokea meseji za inboksi, na akaunti za miaka 13 hadi 15 zinaanza zikiwa zimefungwa kwa wageni. Mtoto akiandikishwa kama amezaliwa miaka ya tisini, ulinzi wote huo unazimika, kwa mtambo yeye ni mtu mzima na atatendewa hivyo, matangazo, video na wageni. Wa miaka 11 WhatsApp yake mwenyewe sio wakati wake. Akihitaji kuongea na bibi au mjomba atumie yako. Na yako uingie faragha, sehemu ya magrupu, uweke watu ulionao kwenye simu tu ndo waweze kukuingiza grupu.

Yule wa miaka 7 nimemuweka mwisho kwa sababu kwake ni rahisi. Hatari yake kubwa saivi ni video moja kuita nyingine, anaanza na katuni ya nyimbo na baada ya nusu saa yuko kwenye kitu ambacho hata wewe hungekitazama, mtambo unachagua kinachomfanya asiondoke, haujali kinachomfaa. Mpe YouTube Kids badala ya YouTube ya kawaida, na usiishie hapo, kwa sababu nayo uchujaji wake mkubwa unafanywa na mashine na vitu vinapenya. Kuna setingi ya yeye kuona video na chaneli ulizoidhinisha wewe tu. Weka hiyo. Itakuchukua jioni moja kuchagua chaneli, na akitazama awe pale unapomsikia, sio chumbani na spika za masikioni.

Lini utoke nyumbani utafute msaada: kama alishatuma picha ya mwili, kama kuna kitisho, kama ametumiwa au ameombwa hela, au wamepanga kuonana. Hapo nenda polisi na simu yenyewe, uliza kitengo cha watoto au cha makosa ya mtandao, na nchi nyingi zina namba ya bure ya msaada kwa watoto, ipigie hata kabla ya polisi kama unaogopa. Msilipe hela, aliyelipwa hurudi kudai zaidi. Kwa picha kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, ya picha zilizopigwa mtu akiwa chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yako, simu inaigeuza kuwa mfuatano wa herufi na tarakimu kama alama ya kidole, na mitandao iliyojiunga kama Facebook, Instagram na TikTok inatumia alama hiyo kuitambua na kuiondoa. Kwenye chati zilizofungwa kama za WhatsApp haifiki, hilo lijue.

Na mwangalie mtoto mwenyewe. Akiacha kula, halali, anashtuka simu ikilia, hataki shule, mpeleke kwa mshauri nasaha au daktari hata kama hajakiri kitu. Akitamka kwamba anataka kufa au bora asingekuwepo, hata kwa utani, usimwache peke yake na mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, watoto waliotishiwa picha wamefikia huko wakiwa hawajamwambia mtu.

Kabla ya hayo mazungumzo na mwanao kaa kwanza na baba yake, mpe hata haya asome. Mkubaliane nani anaongea na mtoto na simu inakaa wapi, kwa sababu ukimwambia mtoto "sikuvunjii simu" leo na kesho akaikuta imevunjwa, hatakwambia tena.